Jibu Limegoma: Kusaka Kosa kwenye Maswali Magumu ya Aljebra na Namba

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita hapa Tanga, na wa walimu wa twisheni wanaokaa na madaftari yao jioni kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni. Tumeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayokuwa nayo mkononi: jibu limepungua moja, limezidi moja, limekuja la ajabu, au halitoki kabisa. Kutoka hapo tunarudi nyuma mpaka kwenye mstari ulioharibu kazi.

Mstari huo una tabia inayojirudia. Hatua za hesabu ziko za aina mbili: zinazorudi na zisizorudi. Ukijumlisha 4 pande zote mbili, unaweza kutoa 4 ukafika ulikotoka, na hakuna kilichopotea njiani. Ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, njia ya kurudi inagawanyika, maana 9 inaweza kuwa imetoka kwa 3 au kwa −3. Watungaji wa maswali magumu wanalijua hilo vizuri, na swali hutungwa ili likupitishe hapo. Kwa hiyo zoea jambo moja: weka nyota ndogo ya penseli pembeni mwa kila mstari ambao umegawanya au kuzidisha kwa kitu chenye herufi, umepandisha kipeo cha pili, au umeondoa logi. Jibu likigoma, usianze kukagua juu kabisa. Anzia kwenye nyota.

Dalili: majibu ni mawili, wewe unalo moja

Sababu inayoongoza ni kugawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri. Chukua:

(x − 3)(x + 2) = 4(x − 3)

Mwanafunzi anaona (x − 3) pande zote, anaikata, anabaki na x + 2 = 4, anaandika x = 2 na kupiga mstari. Lakini weka 3 kwenye swali: kushoto 0, kulia 0. Tatu nayo ni jibu. Alipoikata (x − 3) alikuwa ametamka kimoyomoyo kwamba x si 3, na hakuna aliyempa ruhusa hiyo. Tiba ni kuleta kila kitu upande mmoja na kutoa kinachofanana nje ya mabano:

(x − 3)(x + 2 − 4) = 0, yaani (x − 3)(x − 2) = 0

Ugonjwa huohuo ndio unaofanya x² = 5x itoe 5 peke yake na kuisahau 0.

Sababu ya pili ni kipeuo. Kwenye (x − 1)² = 49 unaandika x − 1 = 7, unapata 8, na −6 inapotea. Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wanafunzi wazuri. Alama √49 maana yake ni 7 tu, siyo 7 na −7. Ile ± inatokana na swali linalouliza "namba gani, ikipandishwa kipeo cha pili, inatoa 49?", na namba hizo ni mbili. Ukiichomeka ± ndani ya alama ya kipeuo, utaumia kwenye maswali kama hili: rahisisha √(7 − 4√3). Tafuta namba mbili a na b ambazo a² + 3b² = 7 na 2ab = 4. Zinatoka a = 2 na b = 1, hivyo 7 − 4√3 ni kipeo cha pili cha (2 − √3). Pia ni kipeo cha pili cha (√3 − 2). Lipi liandikwe? √3 ni kama 1.73, kwa hiyo √3 − 2 ni hasi, na alama ya kipeuo haitoi hasi. Jibu ni 2 − √3.

Sababu ya tatu ni kuishia njiani. Kwenye 4ˣ − 6·2ˣ + 8 = 0 unaweka u = 2ˣ, unapata u² − 6u + 8 = 0, kisha u = 2 au u = 4. Wengi wanaandika 2 na 4 kama jibu na kufunga daftari. Swali liliuliza x: 2ˣ = 2 inatoa x = 1, na 2ˣ = 4 inatoa x = 2. Mara unapoingiza herufi mpya, andika pembeni "rudi kwa x", na usilifute mpaka umerudi.

Dalili: una jibu la ziada

Hili ni upande wa pili wa tatizo la juu. Tazama:

√(x + 7) = x − 5

Pandisha kipeo cha pili: x + 7 = x² − 10x + 25, yaani x² − 11x + 18 = 0, na x ni 9 au 2. Rudisha kwenye swali. Kwa 9: √16 = 4, na 9 − 5 = 4, sawa. Kwa 2: √9 = 3, lakini 2 − 5 = −3. Limekataa. Ile 2 haikuletwa na kosa la kujumlisha; imeletwa na kitendo cha kupandisha kipeo, ambacho kimefuta tofauti ya 3 na −3. Ukikagua mistari yako yote hutaona kosa hata moja, na ndiyo maana mwanafunzi mwenye hesabu safi ndiye anayenaswa zaidi hapa.

Kuna kinga mbili. Ya kwanza ni kurudisha jibu kwenye swali la mwanzo kabisa, kama lilivyochapwa, siyo kwenye mstari wa tatu ulioupanga mwenyewe. Mstari wa tatu tayari una ugonjwa na utaikubali 2 bila wasiwasi. Ya pili ni kuandika mipaka kabla hujaanza: kushoto kuna kipeuo, hakiwi hasi, kwa hiyo x − 5 lazima iwe 0 au zaidi, x iwe 5 au zaidi. Ukishaandika hivyo, 2 inaanguka yenyewe.

Kwenye logi ni hivyohivyo. log x + log(x − 3) = 1, kwa logi za kizio cha 10, inakuwa x(x − 3) = 10, na majibu 5 na −2. Logi ya namba hasi haipo, −2 inatoka, inabaki 5. Na kwenye sehemu, x/(x − 3) = 3/(x − 3) inakupa x = 3 kwa haraka sana, kisha 3 inaifanya asili iwe sifuri. Swali hilo halina jibu. Andika "hakuna jibu" bila woga. Hilo nalo ni jibu lenye alama zake.

Dalili: swali la > au < limetoa eneo kubwa mno

(x + 1)/(x − 2) > 3

Njia ya mkato ni kuzidisha pande zote kwa (x − 2), kupata x + 1 > 3x − 6, na x < 3.5. Jaribu x = 0, ambayo ni ndogo kuliko 3.5: kushoto inakuwa 1/(−2), yaani −0.5, na −0.5 si kubwa kuliko 3. Tatizo ni kwamba (x − 2) inaweza kuwa chanya au hasi, na ikiwa hasi alama ya > hugeuka. Ulizidisha kwa kitu usichojua ishara yake.

Usizidishe. Leta 3 upande wa kushoto na uunganishe kwa asili moja: (7 − 2x)/(x − 2) > 0. Sasa chora mstari wa namba, weka alama kwenye 2 na 3.5, na ujaribu namba moja kutoka kila kipande: 0, kisha 3, kisha 10. Kwa 3, swali la mwanzo linatoa 4, na 4 > 3. Kwa 10 linatoa 11/8, halifai. Jibu ni 2 < x < 3.5. Kipande cha kati tu.

Dalili: kikokotoo kinasema kingine

Hapa mhusika mara nyingi ni MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ya shule ya msingi, ikifuatwa herufi kwa herufi. 20 − 8 + 5 ni 17. Anayeamini kwamba JU lazima itangulie TO anajumlisha 8 na 5 kwanza, anapata 13, na jibu linakuwa 7. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja; fanya kutoka kushoto kwenda kulia. Sehemu ya GAZI haijawahi kumdhuru mtu, kwa kuwa ukigawanya kwanza ndipo uzidishe, jibu hutoka lilelile. Ndiyo sababu kosa la JUTO hukaa kimya miaka mingi na kuibuka kidato cha tatu ndani ya mstari wenye herufi.

Pacha wake ni −3². Hiyo ni −9, maana kipeo kinashika 3 peke yake. Unapobadilisha x kwa namba hasi, weka mabano kila mara: 2x² − 5x kwa x = −3 ni 2(−3)² − 5(−3) = 18 + 15 = 33.

Dalili: kanuni "inaonekana sawa" lakini jibu halitoki

(a + b)² imeandikwa a² + b², au √(a² + b²) imeandikwa a + b, au 1/(x + y) imevunjwa kuwa 1/x + 1/y. Usibishane na kanuni kwa maneno. Ijaribu kwa namba. Tumia 3 na 5: (3 + 5)² ni 64, ilhali 9 + 25 ni 34. Pengo ni 30, na 30 ndiyo 2 × 3 × 5, ile 2ab iliyodondoshwa. Usijaribu kwa 0, 1 wala 2. Sifuri na moja zinakubali uongo mwingi, na 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4, kwa hiyo kanuni mbovu itapita kama nzima.

Dalili: hesabu inatoka, lakini imekula kurasa tatu za vipeuo

Hili si kosa la hesabu, ni kosa la kuchagua njia, na linatofautisha maswali magumu na ya kawaida kuliko jambo lingine lolote. Mfano: ikiwa x + 1/x = 3, tafuta x⁵ + 1/x⁵.

Mkono unakimbilia kutafuta x. Inatoka (3 ± √5)/2, kisha unaanza kuipandisha kipeo cha tano, na hapo dakika kumi zinakwenda. Lakini swali halikuomba x. Lilikupa jumla, likaomba jumla nyingine. Panda ngazi kwa jumla zenyewe:

x² + 1/x² = 3² − 2 = 7
x³ + 1/x³ = 3³ − 3 × 3 = 18
(x² + 1/x²)(x³ + 1/x³) = x⁵ + 1/x⁵ + x + 1/x

Mstari wa mwisho unasema 7 × 18 = jibu + 3, kwa hiyo jibu ni 123. Mistari minne, hakuna kipeuo hata kimoja.

Vivyo hivyo ukipewa x + y = 5 na xy = 3. Usitafute x wala y. x² + y² ni 25 − 6 = 19, na x³ + y³ ni 125 − 3 × 3 × 5 = 80. Na ukiona mlinganyo kama 2x² − 6x + 1 = 0 ukiulizwa jumla ya vipeo vya pili vya majibu yake mawili, soma jumla na zao moja kwa moja: jumla ni 6/2 = 3, zao ni 1/2, na jumla ya vipeo vya pili ni 9 − 1 = 8. Anayepata 36 − 1 = 35 amesahau kugawanya 6 kwa ile 2 iliyo mbele ya x²; anayepata 9 − 2 = 7 amegawanya 6 akaiacha 1 bila kugawanywa.

Kuna wakati njia hii inatoa kitu cha kutisha. Ikiwa x + 1/x = 1, basi x² + 1/x² = −1. Jumla ya vipeo viwili vya pili ikawa hasi? Hesabu yako ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba hakuna x halisi ya namna hiyo. Kwa x chanya, (x − 1)² si hasi, kwa hiyo x² + 1 haipungui 2x, na ukigawanya kwa x unaona x + 1/x haipungui 2. Kwa x hasi, jumla hiyo haizidi −2. Swali linaishi kwenye namba changamano, na huko −1 ni jibu halali.

Dalili: maneno yameeleweka, mlinganyo umekataa

Maswali huja kwa Kiingereza na kichwa kinafikiri kwa Kiswahili. Kabla ya kuandika herufi yoyote, lisimulie swali kwa Kiswahili kwa sentensi moja na useme kinachotafutwa ni kitu gani: idadi, muda, umri, au bei. Baadaye kagua makosa haya.

Herufi imegeuzwa kuwa jina. "Kwenye daladala, watu wazima ni mara tatu ya wanafunzi." Wengi wanaandika 3Z = W, wakiisoma Z kama "mtu mzima" na W kama "mwanafunzi": wazima watatu kwa mwanafunzi mmoja. Jaribu: wanafunzi 5, basi wazima 15. Je, 3 × 15 ni 5? Hapana. Ni Z = 3W. W si "mwanafunzi", W ni idadi ya wanafunzi, na ile ndogo ndiyo inayozidishwa ili ifikie kubwa.

Wastani wa mwendo umechukuliwa kama wastani wa namba. Gari limetoka Tanga kwenda Muheza kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa 40. Wastani si 50. Umbali hauhitajiki hata kuujua, uite d. Muda wote ni d/60 + d/40 = d/24, safari nzima ni 2d, na mwendo wa wastani ni 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana wastani umevutwa chini.

Kazi mbili zimejumlishwa kwa saa badala ya kwa kasi. Tuseme korona moja (mashine ya kuchakata mkonge) inachakata mzigo wa mkonge kwa saa 6 na nyingine mzigo uleule kwa saa 4. Zikifanya pamoja, anayeandika 10 au 5 angejiuliza: zinawezaje kuchelewa kuliko ile ya saa 4 ikiwa peke yake? Kwa saa moja zinamaliza 1/6 + 1/4 = 5/12, hivyo muda ni 12/5, yaani saa 2.4. Na saa 2.4 ni saa 2 na dakika 24, si dakika 40.

Eneo la mche mmoja limehesabiwa vibaya. Tuseme mkonge umepandwa kwa mistari pacha: mita 1 kati ya mistari miwili ya pacha, mita 4 kati ya pacha na pacha, na mita 0.8 kati ya mche na mche. Hekta moja ina miche mingapi? Anayetumia 4 × 0.8 anapata 3,125. Anayetumia 1 × 0.8 anapata 12,500. Zote si sahihi, kwa sababu upana wa mita 5 unabeba mistari miwili, kwa hiyo kila mstari unamiliki mita 2.5. Eneo la mche ni 2.5 × 0.8 = mita 2 za mraba, na 10,000 ÷ 2 ni 5,000. Ukiona majibu mawili yanayopishana mara nne, jua kuna mpangilio unaojirudia ambao hujaupima kwa ukamilifu wake.

Tarakimu zimezidishwa. Namba yenye tarakimu a na b ni 10a + b, kamwe si ab. Jumla ya tarakimu ni 11, na ukizigeuza namba inaongezeka kwa 27: 9(b − a) = 27, b − a = 3, namba ni 47.

Dalili: kwenye namba, umekosea kwa moja tu

Kutoka Barabara ya 5 hadi Barabara ya 17 pale Ngamiani, barabara ni ngapi ukihesabu zote mbili za mwisho? 17 − 5 ni 12, lakini hizo ni nafasi za kati, hatua za kuvuka. Barabara zenyewe ni 13. Swali la mtihani linavaa nguo nyingine: kati ya 100 na 500 kuna vigawe vingapi vya 7? Cha kwanza ni 105 = 7 × 15, cha mwisho 497 = 7 × 71. Idadi ni 71 − 15 + 1 = 57. Anayeandika 56 amehesabu nafasi.

Jamaa wa karibu: 360 ina vigawo vingapi? 360 = 2³ × 3² × 5. Anayezidisha 3 × 2 × 1 anapata 6, na akiandika tu 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8 ameshapita. Kila namba tasa ina uchaguzi wa kutotumiwa kabisa, kwa hiyo ni (3 + 1)(2 + 1)(1 + 1) = 24.

Dalili: baki limekuwa 0 na hujui lisomwe wapi

Tarakimu ya mwisho ya 2²⁰²⁴? Mzunguko ni 2, 4, 8, 6. Gawanya 2024 kwa 4, baki ni 0. Wengine wanasema 2⁰ = 1, jibu 1. Haiwezekani, namba hiyo ni shufwa. Baki 0 maana yake mzunguko umekamilika, kwa hiyo soma wa mwisho: 6. Kwa 7 kosa hilo lingejificha, maana mzunguko wake 7, 9, 3, 1 unaishia kwenye 1.

Maswali ya mabaki mengi yana mlango wake. Machungwa ya Muheza yakipangwa kwa mafungu ya 4 yanabaki 3, ya 5 yanabaki 4, ya 6 yanabaki 5. Idadi ndogo kabisa ni ipi? Kila mara pamepungua chungwa moja tu ili fungu litimie. Ongeza moja, na jumla inagawanyika kwa 4, 5 na 6. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 60, machungwa ni 59. Anayejibu 119 amezidisha 4 × 5 × 6 badala ya kutafuta KDS. 119 inatimiza masharti lakini si ndogo kabisa. Mabaki yasipofanana hivyo, mfano kwa 5 yanabaki 3 na kwa 7 yanabaki 4, orodhesha kwa kigawanyi kikubwa: 4, 11, 18. Kumi na nane kwa 5 inabaki 3. Baada ya hapo ruka kwa 35: 53, 88 na kuendelea.

Dalili: "herufi mbili, mlinganyo mmoja, haiwezekani"

Inawezekana, ikiwa majibu lazima yawe namba nzima. Konda ana sarafu za 200 na za 500 tu, jumla shilingi 4,100. Gawanya kwa 100: 2a + 5b = 41. Kwa kuwa 41 ni witiri na 2a ni shufwa, b lazima iwe witiri. b = 1, 3, 5, 7 zinatoa a = 18, 13, 8, 3, na b = 9 inazidi. Njia nne. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye ya kwanza iliyopatikana. Na kabla ya kutafuta, kagua KKS (kigawo kikubwa cha shirika): 6a + 9b = 100 haina jibu la namba nzima, kwa sababu kushoto kunagawanyika kwa 3 na 100 haigawanyiki.

Dalili: umejaribu kugawanyika, jibu likakataa

7a32b inagawanyika kwa 72. Tafuta a na b. Usiivunje 72 kuwa 6 × 12: 12 yenyewe inagawanyika kwa 6 na kwa 12, na haigawanyiki kwa 72. Vunja kwa namba zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, yaani 8 na 9. Tarakimu tatu za mwisho, 32b, zigawanyike kwa 8: b ni 0 au 8. Jumla ya tarakimu, 12 + a + b, igawanyike kwa 9. Kwa b = 0, a = 6. Kwa b = 8, a = 7. Namba ni 76320 na 77328. Mbili.

Dalili: "thibitisha" imejibiwa kwa mifano, alama hazikutoka

Mifano kumi si uthibitisho, hata arobaini. Chukua fomula maarufu inayohusishwa na Leonhard Euler, n² + n + 41: weka n = 0, 1, 2 hadi 39, zote zinatoa namba tasa. Weka 40, inatoka 1681, ambayo ni 41 × 41.

Uthibitisho unashika namba zote kwa mara moja kwa kuzigawa makundi. Thibitisha kwamba 2023 si jumla ya vipeo viwili vya pili vya namba nzima. Kila namba ni 2k au 2k + 1. Vipeo vyao vya pili ni 4k² na 4(k² + k) + 1, kwa hiyo ukigawanya kwa 4 baki ni 0 au 1 tu. Ukijumlisha viwili, baki ni 0, 1 au 2. Lakini 2023 = 4 × 505 + 3. Imekwisha.

Kosa linalofuata baada ya ushindi huo ni kuligeuza: "basi kila namba yenye baki 1 ni jumla ya vipeo viwili." Jaribu 21. Toa 0, 1, 4, 9 na 16, unabaki na 21, 20, 17, 12 na 5, na hakuna hata moja iliyo kipeo cha pili.